Breki za Mafuta ya Nazi

Mwanangu Nasuri,

Sikuulizi hali, maana nimekuona sasa hivi ukitoka na kanzu mpya kwenda kuwaaga wajomba zako, na mzima u mzima. Nilikwambia nabaki kumalizia suruali ya mtu. Uongo. Cherehani nimeifunika, nimeweka karatasi juu yake, nataka nikuandikie kabla hujarudi. Naandika kwa Kiswahili changu cha Unguja nilikozaliwa, kwa sababu Kifaransa sikisomi, na lugha ya hapa Mutsamudu nimeizoea mdomoni tu. Utaisoma kesho melini. Tafuta pembe ya peke yako, maana nakujua, machozi yako yako karibu ingawa siku hizi unajifanya jabali.

Mambo ya kula na kufua sitayagusa. Mtu aliyefungua injini nzima akairudisha bila kubakiwa na skrubu mkononi hatashindwa kupika wali. Pale Badjanani, Moroni, utakaa kwa binamu yangu, gereji ya serikali ulikopata kazi utaifikia kwa miguu, na kama wamekuita mafundi wenzako basi watakuonyesha pa kuweka sanduku. Hayo yatajipanga yenyewe. Kilichonikalisha hapa ni neno ulilolisema leo mchana tukila. Mjomba wako Bakari alikuuliza kama utamtafuta baba yako ukifika huko, nawe ukajibu bila kuinua macho: "Nikikutana naye njiani nitampita. Kama ninavyompita mtu yeyote." Mjomba akanitazama mie. Mie nikakuongezea mchuzi.

Tangu hapo najiuliza kwa nini nilikuongezea mchuzi badala ya kukujibu. Nimekujengea ugumu huo kwa mikono yangu, ndiyo maana nilikimbilia upawa. Basi acha nikueleze habari ya gari letu. Unadhani unaijua yote, lakini hukuwepo mwanzo, na mwisho wake nilikuficha.

Lilipokuwa la yule mhandisi Mfaransa, baba yako akiwa dereva wake, lilikuwa kitu cha kutazamwa: milango miwili, pua ndefu, paa la turubai la kukunja nyuma, na sauti ya kuwaamsha wazee waliosinzia barazani. Mhandisi alipochoshwa na joto letu akarudi kwao, akamwachia baba yako, maana lilikuwa limeshazeeka na hakuona faida ya kulipakia melini. Usilojua ni kwamba baba yako ndiye aliyenifundisha kuendesha. Wewe ulidhani nilijifunza kwa ukaidi. Alinipeleka uwanja wa ndege wa Wani, siku zisizo na ndege, akaketi upande wa pili na mkono wake juu ya wangu kwenye gia. Nilizima injini hadi nikaona haya. Hakunifokea hata siku moja. Alikuwa akisema, "Taratibu, Bi Fundi. Hili si cherehani, hili lina hasira." Bi Fundi, ndivyo alivyokuwa akiniita. Tangu aondoke hakuna aliyeniita hivyo tena, na wala sijamruhusu mtu.

Nyumba hii aliniachia bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mtu wa hapa, na baba yako alihamia humu na sanduku lake, kama waume wa visiwa hivi wanavyohamia kwa wake zao. Tulikaa vizuri. Sitaki uende ukidhani ulizaliwa kwenye ugomvi. Lakini yeye ni mtu wa Ntsoudjini, na kwao, kisiwa cha Ngazidja, mwanamume asiyefanya ndoa kubwa katika mji wake, na mwanamke wa mji wake, ni mtoto, hata ndevu zikiwa nyeupe. Msikitini anakaa nyuma. Watu wakijadiliana barazani yeye hasemi, na akisema anaambiwa anyamaze wakubwa wazungumze. Wadogo zake walishafanya. Kila akienda kwao kuzika au kuoza, anarudi amenywea. Siku moja akaniambia wajomba zake wamempatia mchumba, na kwamba muda umemtupa mkono. Aliniuliza nasemaje. Nikamwambia, "Nenda kafanye ukubwa wako." Nilimwambia hivyo huku nakata kitambaa, sikusimamisha mkasi. Yeye akangoja kidogo, nadhani alingoja niseme jingine, kisha akaweka ufunguo wa gari juu ya cherehani akatoka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, ulikwenda naye hadi bandarini. Mie sikwenda.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo, na usinipunguzie. Mke mwenza si jambo geni duniani, na sheria ya Mungu imempa nafasi. Angeweza kuwa anakwenda na kurudi, na ndivyo alivyokusudia. Barua mbili alizotuma kuuliza kama aje nilizijibu kwa kutozijibu. Kisha uhuru ukaja, Wafaransa wakaondoka na makaratasi yao, akashika serikali huyu kiongozi wa vijana tunayemwita Mongozi, na redio ya Moroni ikatangaza kwamba ndoa kubwa zimefutwa, ni ufujaji, ni mambo ya kale. Baba yako alikuwa bado anakusanya fedha za sherehe. Hakuwa ameifanya. Alikuwa amefunga nikaha ya kawaida tu na yule wa Ntsoudjini, anangoja mwaka wa sherehe, na mwaka wa sherehe ukafutwa redioni.

Nilicheka, Nasuri. Unakumbuka nilivyocheka. Nilicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Nawe ukasimama pale mlangoni ukaigiza baba yako amekaa nyuma ya msikiti kati ya watoto, na mvi zake, akinyoosha shingo apate kuona mbele. Uliigiza vizuri sana na mie nikacheka zaidi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema. Mie sikukuchelea kulia, nilikufundisha kucheka pasipochekwa, na leo ndiyo naona mavuno yake kwenye sahani ya wali.

Ni baada ya kicheko kile ndipo nilipolifuata gari. Lilikuwa limeoza kwenye banda la mjomba wako karibu na mto, maana vichochoro vyetu havipitishi hata mkokoteni. Kuku walikuwa wanataga kwenye viti. Nilikwenda, nikwambie kweli, kuangalia kama turubai la paa litafaa kushonea mifuko. Nikalikuta limechanika kwenye kona, na fundi wa kwanza alikuwa amelishona vibaya, mshono mrefu mrefu wa mtu mwenye haraka. Sikuweza kuvumilia. Nikafumua, nikashona upya. Paa likishapona, viti vikaniaibisha. Nikavivua, nikavijaza pamba ya msufi, nikavivalisha turubai jipya. Viti vikishapendeza, nikaona haya kuwa na gari zuri lisilowaka. Ukaja wewe na kitabu chako cha shule, na mikono yako. Watu wa mtaa walisema gari ndilo mume wangu sasa. Niliwaambia jino la pembe si dawa ya pengo, lakini angalau hili halikoromi.

Na tulivyoharibu! Yale matundu ya karbureta niliyoyazibua kwa sindano nambari kumi na nne, nikayapanua, likawa linakunywa petroli kama harusi inavyokunywa sharubati, wakati petroli yenyewe ni ya kupangiwa foleni. Mkanda wa feni tuliufanya kwa mkanda wa ngozi wa cherehani, ukafanya kazi mpaka mvua iliponyesha ukaanza kuteleza, na mie nikakaa wiki nzima nazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono kwa sababu mkanda wake uko kwenye gari. Rangi tulipaka ya mashua. Wewe ulitaka nyekundu, iliyopatikana ni kijani. Siku lilipowaka, tukapita barabara ya pwani na turubai limekunjwa, shiromani niliyojifunika inapepea, wazee wakageuza nyuso na wale vijana wa kamati za Mongozi wakatupigia makofi wakidhani nimetoka kwa ajili ya mapinduzi yao. Nilikuwa nimetoka kwa ajili ya turubai.

Lakini la breki ndilo ninalotaka ulisome mara ya pili. Mafuta ya breki yalikwisha kisiwa kizima, pedali inazama hadi chini. Nikafikiri kwa akili yangu ya ushonaji. Cherehani hii inakunywa mafuta ya nazi tangu nilipoipata. Nywele tunapaka, bawaba tunatia, mtoto akizaliwa tunamkanda. Kitu gani cha dunia hii kitakataa mafuta ya nazi? Wewe ulisita, ukasema, "Mama, tungoje meli." Nikakukatiza. Nikayachuja kwa kitambaa cha melimeli, tukayamimina, na wallahi breki zilishika. Mjini, juani, zilishika vizuri, nami nikajisifu kila nyumba niliyoingia.

Kisha kipupwe kikaja, tukaalikwa maulidi kule juu ya Patsi, tukalala huko. Asubuhi ukungu umefunika kila kitu, meno yanagongana. Nikakanyaga pedali kabla ya kuondoka, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa ngumu, haibonyei hata kidogo. Nikafurahi. Nilikwambia, "Leo breki zimekaza, safi kabisa." Tukateremka. Kona ya kwanza nakanyaga, mguu umekutana na jiwe, na gari halikupunguza mwendo. Mafuta yalikuwa yameganda ndani ya mabomba, meupe, kama yanavyoganda kwenye chupa dirishani asubuhi za baridi. Kila mwanamke wa visiwa hivi analijua hilo. Mie nalijua tangu utotoni, nimeyeyusha chupa hizo kwa maji moto maisha yangu yote. Sikulikumbuka kwa sababu pedali ilikuwa ngumu na mie niliona ugumu ule ndiyo uzima wenyewe.

Wewe ulivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Mie nikarudisha gia nikalibana gari kwenye ukingo wa udongo, likasugua ubavu, likasimama. Upande wa pili kulikuwa na bonde na milangilangi chini kabisa. Kidevu chako kilipasuka, damu ikamwagika kwenye shati, nawe ukacheka. Nilikishika kichwa chako nikakibana kifuani na sikukiachia mpaka ukaniambia huwezi kupumua. Sijawahi kuogopa vile, na sijawahi kukupenda kama dakika ile, na sidhani nilikwambia lolote kati ya hayo mawili. Nilikwambia shati lako limeharibika.

Haya ndiyo unayoyajua. Sasa la mwisho. Baada ya hapo nilivua mipira yote ya breki iliyovimba kwa mafuta, nikaosha mabomba kwa spiriti, nikatia mipira mipya na mafuta ya breki ya kweli, na gari likapona. Uliniuliza nimevipata wapi, nikasema bandarini. Uliniuliza nimejuaje kazi ile, nikasema nimefikiri. Ukanisifu kwa wenzako mwezi mzima: mama yangu, fundi, hakufundishwa na mtu. Nami nikazinywa sifa zile zote, sikumwaga hata tone.

Vilitoka kwa baba yako. Baharia mmoja wa meli ya Moroni alikisikia kisa chetu hapa bandarini, kila mtu alikuwa akikicheka, akakipeleka Ntsoudjini. Safari iliyofuata akaniletea kifurushi. Hakikuwa na barua. Kulikuwa na salamu za mdomo, nazo baharia alizisema akitazama chini, nadhani aliniogopa. Alisema baba yako aliuliza kwanza, "Mtoto yuko mzima?" Akajibiwa yuko mzima. Akauliza tena, na kabla baharia hajapanda mashua akamfuata kuuliza tena. Ndipo akasema, "Mwambie Bi Fundi mafuta ya nazi huganda kwenye baridi. Avue mipira yote, aoshe kwa spiriti, asiache hata tone." Sasa unajua nilijuaje.

Na kifurushi kile, Nasuri, kilikuwa kimeshonwa. Kitambaa kizito kilichofungwa pande zote kwa uzi, ili kopo lisivuje wala mipira isidondoke njiani. Baba yako hajui kushika sindano. Kifungo kikimkatika alikuwa akija kwangu na shati mkononi kama mtoto. Nilikaa na kifurushi kile magotini bila kukifungua. Ulikuwa mshono mfupi mfupi wa kurudi nyuma, umepindwa ncha, mshono wa mtu asiye na haraka, na kwenye kona ameurudia ili usifumuke. Mie nimeshonea watu miaka mingi, najua mshono wa chuki na mshono wa kulazimishwa. Ule haukuwa wa kulazimishwa. Yule mwanamke wa Ntsoudjini alikaa chini akashona vile kwa ajili ya gari letu na kwa ajili ya kidevu chako, naye ananijua ni nani kwake. Nilipata hasira kwanza. Kisha nikalia. Kisha nikafumua uzi taratibu, nisikate kitambaa.

Baharia aliniambia na hali ya baba yako, nami nilifunga masikio, lakini yaliingia. Watumishi wa serikali waliporudishwa makwao alirudishwa naye, maana huko alikuwa dereva wa serikali. Anakaa mlangoni anatengeneza majiko ya mafuta ya taa ya majirani. Ndoa kubwa hakufanya na hataifanya, labda zamani zirudi. Wale vijana wa kamati wenye mikanda mipya wanapita wanawaambia wazee simameni, wanasimama. Hili usilisome kwa sauti. Mtu mzima alikwenda kutafuta heshima mjini kwao, akaikuta dunia imebadilishwa kabla hajafika. Angekuwa mtu baki ningemhurumia siku ile ile. Kwa kuwa ni wangu, nilicheka.

Basi fikiri mwenyewe. Ntsoudjini si mbali na Moroni, na ni mji wa watu wanaojuana. Utakapopita, watakujua kwa sura, maana una paji lake la uso na kutembea kwake. Watasema huyu ni mtoto wa fulani, yule wa kisiwa cha Ndzuani. Ukimpita baba yako mlangoni pale hutampita peke yako, atakuwa amepitwa mbele ya mji mzima, na hana pengine pa kuinua uso. Kwetu humu alikuwa na mtu wa kumwita baba kila asubuhi. Huko hana mtoto.

Sikuamrishi. Umri wa kukuamrisha umepita, na nikikuamrisha utakwenda na moyo uliokunjamana. Hasira unayo na una haki nayo. Aliondoka ukiwa mdogo na hukuulizwa. Mwambie hivyo akikupa nafasi, mwambie usoni, yeye ni mtu anayeweza kusikiliza. Lakini mwamkie kwanza. Mpe kwezi yake, salamu ya wakubwa, kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa. Akikaa kimya, usidhani amekuchukia, ndivyo anavyolia. Na kama utashindwa, kama utafika pale miguu ikakataa, rudi Badjanani ukalale, ujaribu siku nyingine. Sitakuuliza. Nitakupenda vile vile, mwanangu, nimekupenda ukiwa na kidevu kilichopasuka na nitakupenda ukiwa umeshindwa.

Nasikia sauti yako huko chini kichochoroni, unataniana na watoto wa jirani, kwa hiyo naharakisha. Nyumba ya baba yako ukiiulizia hutaonyeshwa, maana huko kama hapa mwanamume hana nyumba. Uliza nyumba ya Bi Echati, binti wa muuza chumvi, karibu na msikiti. Bi Echati. Miaka yote hii jina hilo halijatamkwa humu ndani, na wewe ulijua usilitamke. Atakufungulia yeye kwanza, kabla ya baba yako. Mwamkie, umshike mkono, umwite mama. Mie sitapungua.